Mrejesho: Fedha za korona kwa kitalu nyumba chetu Ohio

Wakuu, niliuliza kama mkulima mdogo hapa Marekani, mwenye maua na miche ya mboga kwenye kitalu nyumba cha kukodi, angeweza kupata fedha za CFAP 2, mpango wa Idara ya Kilimo wa mwaka 2020 wa kusaidia wakulima walioathirika na korona. Aliweza. Mke wangu alilipwa.

Kukodi hakukuwa kizuizi, mradi hasara ya zao ikitokea ilikuwa yako. Waliangalia mauzo ya 2019: kama hayakufika dola 50,000, ulipata asilimia 10.6 ya mauzo hayo. Sisi tuliuza maua na miche ya dola 18,000, ikatoka 1,908. Si haba.

Kazi ilikuwa kwenye stakabadhi. Vyungu na mbolea ulivyonunua ukauza tena havikuhesabiwa, wala nyongeza ya bei inayotokana na kufungasha. Walitaka ulichokiotesha mwenyewe tu. Tulichambua karatasi mpaka macho yakauma. Aliyeanza kilimo 2020 alitumia mauzo ya 2020.

Na mliobisha kwamba ni mkopo: fedha hizi hazikuwa za kurudishwa, ila zilikatwa kodi kama mapato mengine ya shamba. Aliyenikumbusha kwamba dirisha la maombi lingefungwa 11 Desemba 2020, asante sana mkuu.