Tumelipa karibu dola 2,000 kwa drafti ya ana kwa ana Las Vegas, tukakalishwa kama mishikaki

Ndugu wanajamvi, nimekaa na jambo hili kwa wiki kadhaa nikitaraji kwamba hasira zitapoa, nazo hazijapoa, kwa hiyo nimeona nilieleze hapa kwa wale walioko Marekani wanaofikiria kwenda mwakani na kwa yeyote anayejua namna ya kuwabana waandaaji wa mashindano ya aina hii.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana ninaposema drafti sizungumzii ile ya vizibo vya soda tunayoijua vijiweni. Hii ni shughuli ya kuchagua wachezaji wa ligi ya fantasi ya futiboli ya Kimarekani, ambako unaunda timu ya kubuni ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, na tofauti yake na fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo wengi wenu mnaicheza ni kwamba kule mimi, wewe na jirani yako tunaweza sote kuwa na Haaland, ilhali huku mchezaji akishachaguliwa na mmoja, wengine kumi na moja wamemkosa. Timu ni 12, raundi ni 20, kwa hiyo yanafanyika machaguo 240, kila moja kwa dakika moja isiyozidi, na zamu zinakwenda kwa mtindo wa nyoka: raundi ya kwanza inatoka wa 1 hadi wa 12, ya pili inarudi kutoka wa 12 hadi wa 1, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Ni kazi ya saa tatu hadi nne za kukaa mahali pamoja, kichwa kikiwa kwenye orodha, jicho moja kwenye saa na jingine kwenye ubao wa stika unaoonyesha nani ameshachaguliwa. Ndiyo maana meza, katika shughuli hii, ni kifaa cha kazi.

Nilikwenda Las Vegas mwishoni mwa Agosti 2025, siku chache kabla ya msimu wa NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, kuanza, pamoja na shemeji yangu ambaye ndiye mbia wangu katika timu. Kiingilio kilikuwa karibu dola 2,000, ukiacha nauli na hoteli. Fomu ya usajili iliuliza jina la mbia, tukaliandika. Mlangoni wakamvisha shemeji ukanda wa mkononi kama walivyonivisha mimi. Kwa maneno mengine, waandaaji walijua wiki kadhaa mapema kwamba timu yetu ina watu wawili.

Tulipoingia ukumbini tulikuta kila ligi imewekewa meza mbili za kukunjwa zilizounganishwa, zimefunikwa kitambaa cheusi kinachofika chini, na viti 12 tu. Shemeji aliangalia huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole iliyoniuma kuliko angefoka: "Sasa shemeji, mimi nakaa wapi?"

Mimi kazi yangu ni kuweka sakafu, na futi ya kuvuta haikosekani kwenye begi langu, kwa hiyo nilipima pale pale, mbele ya msimamizi. Kila meza ilikuwa na urefu wa sentimita 183 na upana wa sentimita 76. Mbili zikiunganishwa ni sentimita 366, na kwa kuwa ncha moja ilisukumwa hadi ukutani na nyingine ikakaliwa na msimamizi mwenyewe, timu sita zilikaa upande mmoja na sita upande wa pili. Gawanya mwenyewe: sentimita 61 kwa timu. Kipimo hicho, inchi 24, ndicho watu wa kumbi huku hutumia kumkadiria mlaji mmoja kwenye karamu, yaani mtu mwenye sahani, glasi na uma. Mimi nilikuwa na kompyuta mpakato yenye upana wa sentimita 36, kipanya, karatasi nne za orodha, kalamu za rangi tatu na kikombe cha kahawa, na bado nilikuwa na binadamu mwenzangu ambaye jina lake liko kwenye fomu.

Upana nao ulikuwa na mambo yake. Sentimita 76 zikigawanywa kati ya wanaotazamana zinabaki 38 kwa kila mtu, na kompyuta ikifunguliwa, kioo chake hulala nyuma kidogo. Kioo changu kiligusana mgongo kwa mgongo na cha bwana aliyekaa mbele yangu, kiasi kwamba kila alipobonyeza vitufe kwa nguvu (na alikuwa mtu wa kubonyeza kwa nguvu) changu kilitikisika. Kwenye raundi ya tano alisukuma kompyuta yake mbele apate nafasi ya kiwiko, yangu ikarudi nyuma, kikombe kikalala, kahawa ikapita juu ya orodha yangu ya wapokeaji, yaani wadakaji wa pasi. Majina ya kuanzia la 40 kwenda chini niliyasoma kwa kubahatisha mpaka tulipomaliza.

Soketi zilikuwa ukutani, na kuvuta ekstensheni kukatisha njia ya wapitaji kulikatazwa kwa sababu za usalama, jambo ambalo silipingi. Ninachopinga ni kutotuambia mapema ili tuje na betri za akiba.

Ubao wa stika ulitundikwa ukuta mmoja tu, nyuma ya upande wetu. Timu sita zilizokaa upande wa pili ziliinua macho na kuona kila kitu. Sisi sita tulilazimika kugeuka mzima mzima, na katika nafasi ya sentimita 61 mtu hawezi kugeuka bila kumsukuma jirani, kwa hiyo kila chaguo lilipotangazwa tulipinda kama abiria wa daladala ya Mbagala dereva anapokata kona. Nimelipa kiasi kile kile walicholipa walio upande wa pili. Kwa nini wao wasome ubao na mimi nisome shingo za watu?

Lakini yote hayo ningeyameza kama si jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Viti vilipangwa kwa mfuatano wa zamu. Mimi nilikuwa wa 11, na wa 12 alikaa kushoto kwangu, kati yangu na ukuta. Anayeelewa zamu za nyoka ameshaona tatizo. Nikishachagua la 11, anayefuata ni wa 12, ambaye anachagua mara mbili mfululizo, la 12 na la 13, halafu zamu inarudi kwangu kwa chaguo la 14. Yaani katika ukumbi mzima, mtu pekee anayeweza kuniharibia mpango wangu kati ya machaguo yale mawili ni huyu mmoja, na waandaaji wamemkalisha mahali ambapo bega lake linagusa langu na karatasi yangu iko chini ya kidevu chake.

Kanuni za shindano lile zinampa taiti endi (mchezaji anayezuia wapinzani na pia kudaka pasi) pointi moja na nusu kwa kila pasi anayodaka, wakati wachezaji wa nafasi nyingine wanapata moja. Kwa hiyo mwaka huo kila mtu aliwataka taiti endi wawili: Brock Bowers wa timu ya Raiders, aliyedaka pasi 112 katika msimu wake wa kwanza wa 2024, na Trey McBride wa Arizona, aliyedaka 111 msimu huo huo. Ile nusu pointi ya ziada peke yake, kwa pasi 111, ni pointi 55 na nusu kwa msimu. Bowers alichaguliwa mapema. Mimi na shemeji tulikubaliana tuchukue mpokeaji kwenye chaguo la 11, kwa kuwa tulimfuatilia wa 12 na kuamini kwamba mpango wake ni wakimbiaji wawili (wale wanaobeba mpira na kukimbia nao), kisha McBride atufikie kwenye la 14. Jina la McBride nilikuwa nimelizungushia wino mwekundu. Nilipotaja la 11, nilimwona jirani akishusha macho kwenye karatasi yangu, akanyamaza kama sekunde kumi, akataja mkimbiaji mmoja, halafu akamtaja McBride.

Simlaumu sana. Macho hayana pazia, na yule bwana hakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Hata angetaka kuwa muungwana, angetazama ukuta kwa saa nne. Nalaumu aliyepanga viti. Kumkalisha wa 12 mbali na wa 11, na wa 1 mbali na wa 2, hakugharimu hata senti moja.

Shemeji je? Raundi tatu alisimama nyuma yangu, mpaka mhudumu wa vinywaji akamwomba asogee apate kupita. Aliishia kukaa kwenye sanduku letu la nguo kando ya nguzo, mita tatu hivi kutoka mezani, na tukawa tunashauriana kwa WhatsApp, watu wawili waliosafiri pamoja ili kushauriana ana kwa ana. Ujumbe wake wa kunionya kwamba nisiongeze mkimbiaji ulinifikia nikiwa nimeshamtaja, kwa sababu intaneti ya ukumbi nayo ilikuwa inatambaa.

Nilipomweleza msimamizi, alijibu kwamba meza zimepangwa kwa idadi ya timu, si kwa idadi ya watu. Nikamwonyesha ukanda kwenye mkono wa shemeji. Akasema huo ni wa kuingilia ukumbini, hauhusiani na kiti. Niliandika barua pepe siku ya pili yake, nikaambatisha vipimo na picha. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, mistari mitatu, likinishukuru kwa maoni yangu na kunipa punguzo la dola 50 kwa usajili wa mwakani. Na kabla hamjaniambia kwamba ni kwa sababu ya rangi yetu, hapana: Wamarekani waliokaa meza ile walibanwa vivyo hivyo, wawili wao walisimama na wabia wao mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba wao walicheka na kuagiza bia nyingine.

Watu walioanzisha mchezo huu walifanya drafti yao ya kwanza Oakland mwaka 1963, nyumbani kwa mmoja wao, Bill Winkenbach, timu nane, bila kompyuta wala ukumbi wa hoteli. Hakuna aliyewatoza kiingilio cha namna hii kwa sentimita 61.

Ninachodai ni hiki: meza tatu badala ya mbili kwa kila ligi, ambazo zitampa kila mmoja sentimita 91, kiti cha mbia kwa kila timu iliyomwandikisha, na ramani ya viti itumwe kabla ya mtu kulipa, ikionyesha ubao uko wapi na nani anakaa pembeni ya nani. Kama kuna mwanajamvi aliyewahi kushiriki drafti za namna hii New York au kwingineko na akakuta utaratibu bora, naomba aandike vipimo hapa, na kama ana picha za meza azitume. Usajili wa mwakani ukifunguliwa, nataka niwarudishie ile barua yao ya mistari mitatu nikiwa na ushahidi wa watu wengi zaidi ya mimi na shemeji.