Mrejesho: mchezo uliofutwa kwenye akaunti yangu

Niliuliza kama mchezo wa magari nilioulipia, kisha ukafutwa kwenye akaunti, unaweza kurudi. Haurudi. Duka limejibu kwamba niliuziwa leseni tu, yaani ruhusa ya kuucheza, si mchezo wenyewe, na seva (kompyuta zao ambazo mchezo unaungana nazo) zimezimwa. Pesa nazo hakuna. Mlionishauri nitaje sheria ya California, Marekani, asanteni, ila ile iliyoanza 2025 inamlazimisha muuzaji aseme wazi kwamba unapewa leseni. Haimkatazi kuiondoa. Halafu sisi tuko Bukavu, Kongo!

Sasa nanunua kwenye duka la GOG, ambako napakua faili la kusakinisha na kuliweka kwenye diski yangu. Mega za intaneti zinakula franka kwelikweli, basi mkubwa wangu wa mtaa wa Nguba ananipakulia usiku. Mchezo usiofunguka bila seva, sinunui tena.