Naomba ushauri: namna ya kufundisha jinsi maji ya kisima yanavyochafuka

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha jiografia kidato cha pili hapa Unguja, na nyumbani kwa wanafunzi wangu wengi kisima na choo cha shimo vimo katika ua mmoja. Wanaamini kwamba maji yakiwa maangavu basi ni salama, kwa sababu ardhi imeshayachuja.

Mchanga huchuja kweli, vijidudu vingi hunasa humo. Lakini sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, na uchafu hushuka upesi kabla haujachujwa. Naitrati, yaani kemikali inayoyeyuka majini, ya vyooni na ya mbolea, ndiyo ngumu zaidi: mchanga hauizuii, wala kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, naitrati huzidi kukolea.

Nilijaribu kwa beseni la plastiki linaloonyesha ndani. Niliweka kokoto chini na mchanga juu, nikafukia rangi ya chakula pembeni iwe mfano wa choo, kisha nikavuta maji kwa pampu ya chupa ya sabuni niliyoifunga kitambaa mdomoni, iwe mfano wa kisima. Dakika 40 zikaisha rangi haijafika "kisimani". Watoto wakatoka na imani ileile, na jambo hilo linaniuma sana.

Aliyewahi kufanya anisaidie: nitumie kokoto tupu? Nimwagie maji juu kuiga mvua ya masika? Na vyoo vya nyumbani kwao nivizungumzieje bila kumwaibisha mtoto yeyote mbele ya wenzake?