Naombeni ushauri: nimepata nafasi ya kusoma historia ya China ya kale, niende au nibaki na ualimu?

Mwl wa Kusini:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari ya serikali, Kilwa. Mwaka wa tisa huu. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili China, historia ya enzi ya Ming, ukoo wa kifalme uliotawala China karne ya 14 hadi ya 17. Ada na bweni vinalipwa.

Kila mwaka nafundisha mada ya mahusiano ya pwani yetu na Mashariki ya Mbali. China inapewa mstari mmoja: walileta vyombo vya udongo na hariri, wakachukua pembe za ndovu. Basi. Mwaka juzi mwanafunzi anayetoka Kisiwani alitoa mfukoni kigae cha kijani, kijani ile ya jani changa la mgomba, chini kina duara la kitako cha bakuli. Akaniuliza: "Mwalimu, aliyekitengeneza hiki alijua kinakuja kwetu?" Nilishindwa kumjibu. Tulikirudisha kwa wahusika wa mambo ya kale, ila swali nimebaki nalo mpaka leo.

Natakiwa kuthibitisha Ijumaa. Niende?

Mzee wa Ghala:
Naweka kambi hapa.

Kijana wa Nzega:
Dada, uzamili wa historia ya Wachina wa zamani ukirudi unaajiriwa na nani? Mdogo wangu ana digrii ya historia, sasa hivi anauza vifaa vya simu na anamshukuru Mungu. Kasome lojistiki huko huko China, bandari ziko.

Binti wa Malindi:
Dadangu hongera sana! Na ukifika huko uwaambie twiga alitoka kwetu Malindi. 1415 alipokewa kwa mfalme wa Ming, wakamwita qilin, mnyama wa baraka. Sisi tulimpeleka twiga, Kilwa mlipeleka nini?

Mchuuzi wa Guangzhou:
Naja na kuondoka China tangu 2009, Kichina cha sokoni nakijua. Siku moja mwenzangu Mchina alinipeleka hekaluni, kuna jiwe lina maandishi. Nikamwambia nisomee. Akasoma herufi moja moja, nyingine zikamshinda, na maana hakuipata. Akaniambia hicho ni Kichina cha mababu. Sasa mwalimu, kozi yako inafundishwa kwa lugha gani? Hapo ndipo penyewe.

Mwl wa Kusini:
Kwa Kichina. Mwaka wa kwanza ni lugha, halafu ndiyo kozi. Kichina cha kale kinafundishwa humo humo. Nimeshaanza kujifunza hapa Dar.

Afisa Mstaafu:
Mwanangu, umesema unafundisha Kilwa. Sasa unasema unajifunza hapa Dar. Shule hazijafungwa. Upo Dar kwa ruhusa ya nani?

Kijana wa Nzega:
Mzee kaona mbali.

Mwl wa Kusini:
Shikamoo mzee. Nipo Dar wiki ya pili. Nilimwambia mkuu wa shule naumwa. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo sijaipeleka, kwa sababu mwenzangu aliomba akakaa miaka miwili bila majibu. Mimi nina miaka 34, na udhamini huu kwa uzamili unataka mtu wa chini ya miaka 35. Nikisubiri majibu ya barua, mlango umefungwa. Nauli nimeshapata, nimeuza shamba la mikorosho alilonipa baba. Vipindi vyangu anashika mwalimu wa somo la uraia, tumeelewana. Sioni nimemdhulumu nani.

Mama Wawili:
Umemdhulumu mtoto mwenye kigae. Aliuliza swali, mwalimu akatoroka nalo.

Halafu mikorosho ya baba! Sisi kwetu mikorosho ilisomesha watoto sita, inazaa kila mwaka bila kudai mshahara. Mama yako anajua?

Mwl wa Kusini:
Anajua. Alilia, kisha akanifungia korosho kilo mbili za njiani.

Kaka wa Pangani:
Mimi naona unakosea bara, siyo kazi. Kwa nini China? Meli za Ming zilikuja mara chache zikaacha. Safari saba za jemadari wao wa majini Zheng He, 1405 hadi 1433, imekwisha. Wahindi walikuwa wanakuja na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi vizazi na vizazi. Ushanga wa Gujarat umejaa kwenye magofu yetu. Rajendra Chola, mfalme wa Watamil wa India ya kusini, alipeleka jeshi la majini hadi Srivijaya, dola ya Sumatra, mwaka 1025, karibu miaka 400 kabla ya Zheng He. Ukitaka Asia ya bahari, soma Kitamil.

Mwl wa Kusini:
Kaka umenigusa penyewe! Ndiyo maana nataka kuanza na jiwe la Galle, Sri Lanka. Lilichongwa 1409 kwa amri ya Ming, likapatikana 1911, sasa liko makumbusho ya Colombo. Jiwe moja, lugha tatu. Kichina kinamsifu Buddha, Kitamil kinamsifu mungu wa Kihindu wa pale kisiwani, Kiajemi kinamsifu Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Kila mmoja anaorodheshewa zawadi zake: dhahabu, fedha, hariri, mafuta. Waliokuwa Galle waliandikiwa wote, kila kundi kwa lugha yake. Sasa mtu wa Kilwa angeandikiwa kwa ipi kati ya hizo? Hilo ndilo ninalotaka kulifuata.

Msema Kweli:
Wakuu, hii ni chai. Tena chai ya maziwa. Mwalimu wa Kilwa, kigae cha kijani, mama analia na korosho, ghafla jiwe la lugha tatu. Mtu kakaa na simu yake kanakili, anatutungia hadithi. Na kama kweli unasoma Ming, huyo twiga wa Malindi hakuwa wa kwanza. 1414 walishapokea mwingine kutoka Bengal, kule mashariki ya India. Mbona hukumsahihisha dada hapo juu?

Binti wa Malindi:
Wallahi sikujua. Twiga gani atoke Bengal?

Mzee wa Ghala:
Nilihisi mapema. Chai inataka vitumbua.

Mwl wa Kusini:
Wa Bengal yupo, na Shen Du, mwandishi wa ikulu ya Ming, alimwandikia shairi. Twiga hazaliwi Bengal, kwa hiyo naye alitoka huku Afrika, kwa mikono ya nani ndilo swali. Sikumsahihisha dada kwa sababu alichosema ni kweli.

Kama unaona natunga, nikwambie nilichofanya wiki hii. Nimechapisha picha ya lile jiwe, upande wa Kichina. Hakuna nukta, hakuna nafasi, herufi zimeshikana kutoka juu kwenda chini, msomaji mwenyewe ndiye anayeamua sentensi iishe wapi. Sentensi ya kwanza imenichukua siku tatu: mfalme wa Ming Kuu amewatuma Zheng He, Wang Guitong na wenzao wamtangazie Buddha. Herufi ya "kutuma" inasomwa qian. Niliiandika mara mia, kidole kikaota sugu. Tarehe yake: mwaka wa saba wa mfalme Yongle, na jina la mwaka ni ji-chou. Miaka yao inazunguka kila baada ya 60, kwa hiyo ji-chou ya 1409 inarudi 1469, 1529, mpaka 1949. Ji ni moja ya alama kumi zinazopokezana, chou ni ng'ombe, mmoja wa wanyama 12. Hesabu hii nimeifanya kwa kalamu, nyuma ya mtihani wa majaribio ambao sijausahihisha.

Mama Wawili:
Huo mtihani urudishe kwa wenyewe, mwanangu.

Afisa Mstaafu:
Marahaba. Nimekaa utumishi wa halmashauri muda mrefu, nisikilize. Mtumishi akikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa, adhabu yake ni kufukuzwa. Wewe zimepita. Ukienda China hivyo, ukirudi huna kazi, na kwenye faili utasomeka mtoro. Jumatatu ripoti kituoni. Usiseme tena unaumwa. Mweleze mkuu ukweli, omba radhi kwa maandishi, siku hiyo hiyo pitisha barua ya ruhusa kwake kwenda kwa Mkurugenzi, ambatisha barua ya chuo. Nakala uigongeshe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Kisha ifuatilie kwa miguu yako, masjala mpaka uijue kwa harufu. Huyo mwenzako alikaa miaka miwili kwa kuwa aliandika akalala.

Mwl wa Kusini:
Na wakinikatalia?

Afisa Mstaafu:
Hapo utaandika kuacha kazi kwa notisi, utaondoka kwa mlango. Chuo wathibitishie Ijumaa. Kuthibitisha siyo kupanda ndege.

Mchuuzi wa Guangzhou:
Mzee amemaliza. Mwalimu, ukifika huko nitafute hapa hapa, jinsi ya kufungua akaunti ya benki nitakuelekeza.

Mwl wa Kusini (Jumapili, saa 11 alfajiri):
Nipo Mbagala, basi la Kilwa linapakia. Ijumaa nilithibitisha. Barua mbili ziko kwenye bahasha, mitihani 43 nimesahihisha usiku. Kesho asubuhi naanza na ofisi ya mkuu.

Msema Kweli:
Mimi nimezaliwa 1985. Nimehesabu kwa kidole naona nami ni ng'ombe. Ji-chou?

Mwl wa Kusini:
Ng'ombe ndiyo, ila siyo ji. Yi-chou. Basi linaondoka.