Jiwe linarushwa juu kutoka paani: mbona kipeuo kinagoma?

Muulizaji: Wakuu, naombeni msaada. Jiwe limerushwa wima kwenda juu kwa 15 m/s kutoka ukingo wa paa lililo mita 20 juu ya ardhi, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) = 10 m/s². Litagonga ardhi baada ya muda gani? Natumia s = ut + ½at² (s ni uhamisho, u kasi ya mwanzo, a mchapuko, t muda). Nikiandika 20 = 15t − 5t², ndani ya kipeuo cha pili (√) cha kutafutia t inatokea −7. Nikiifanya g kuwa chanya napata sekunde 1. Kitabu kinasema 4.

Mshale: Tatizo ni alama tu, mkuu. Chora mstari wima, weka sifuri pale jiwe lilipoachia mkono, kisha chagua: juu ni chanya. Ukishachagua usibadilishe tena mpaka mwisho wa swali. Kwa hiyo u = +15, a = −10, na kwa kuwa ardhi iko chini ya sifuri, s = −20. Hiyo s si jumla ya njia yote ambayo jiwe limepita. Ni mahali lilipoishia kutoka lilipoanzia.

−20 = 15t − 5t²
t² − 3t − 4 = 0
(t − 4)(t + 1) = 0

t = 4. Hakiki kwa v, kasi ya mwisho: v = 15 − 40 = −25 m/s, na v² = 15² + 2 × 10 × 20 = 625. Zinakubaliana.

Kipimapembe: Hayo majibu yako mawili usiyatupe, yana maana. Ulipoweka s = +20 uliuliza jiwe litafika lini mita 20 *juu ya* paa. Halifiki kamwe: kilele chake ni u²/2g = 225/20 = mita 11.25. Ndiyo maana kipeuo kikagoma. Na ile sekunde 1 ni jibu sahihi kabisa la swali jingine, la jiwe lililotupwa *kwenda chini* kwa 15 m/s.

Muulizaji: Asante sana, nimeelewa. Na t = −1 je?

Kipimapembe: Jiwe ambalo lingerushwa kutoka ardhini kwa 25 m/s, sekunde 1 kabla, lingepita usawa wa paa likiwa na 15 m/s kamili. Fomula haijui kwamba mwendo wako umeanzia paani, kwa hiyo hilo unaliondoa wewe.

Mshale: Wanaopenda kugawa safari wanaweza: kupanda 15/10 = sekunde 1.5, kisha kuanguka mita 20 + 11.25 = 31.25, yaani √(31.25/5) = √6.25 = sekunde 2.5. Jumla 4. Wengi hupotea hapo kwa kuangusha jiwe mita 20 badala ya 31.25, au kwa kuandika a = 0 kileleni. Kileleni kinachokuwa sifuri ni v peke yake, mvutano haupumziki. Halafu mtihani ukitaka g = 9.8, jibu ni sekunde 4.07, kwa hiyo soma maelekezo kwanza.