Mtoto anataka kucheza, roho inagoma: tupeane uzoefu

Mama Wawili, Mpendae
Asalam alaykum. Jana napita uwanja wa Maisara nikaona mtoto kabebwa mgongoni, mguu unaning'inia. Wangu ana miaka 10, mwezi mzima ananing'ang'ania ajiunge na timu ya mpira. Baba yake anataka judo. Yaliyokufikeni semeni.

Mtoto wa Gombani
Nilivunjika mkono kwenye mpira, nikafungwa plasta, nikarudi uwanjani. Mwache acheze.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mkono unatengenezwa na mkandaji, siku tatu tu.

Muuguzi
Bibi yangu, kwa heshima zote, hapana. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na kiungo, hapo ndipo unapokulia. Ikivunjika hapo ukaikanda, mkono unaweza kukua umepinda. Kwanza picha ya eksirei.

Ummu Watatu, Jang'ombe
Niacheni niandike, sijapata kulisema. Wangu alikuwa na miaka 12, golikipa. Kagongana vichwa na mwenzake, kakaa chini. Kocha kammwagia maji usoni, kamuuliza "uko sawa?", kaitikia, karudishwa golini. Mimi nipo pembeni na chupa yake ya maji. Dakika chache baadaye kaudaka mpira, kageuka, kautupa ndani ya goli lake mwenyewe. Watoto wakacheka. Na mimi nikacheka.

Baada ya isha kaniuliza mara nne kama keshakula. Sahani bado iko mbele yake. Saa sita usiku akaanza kutapika, hadi pakawa hapana kinachotoka. Tukamgongea jirani mwenye gari. Daktari akasema ubongo umetikisika, na kosa kubwa ni kurudishwa mchezoni: pigo la pili kabla la kwanza halijapoa linaweza kuua. Wiki nzima mwanga unamuuma macho. Kapona, alhamdulillahi. Ila kile kicheko changu bado nakisikia.

Mama Wawili, Mpendae
Subhanallah. Pole dada.

Kocha wa Mtaa
Pole sana. Lakini msitutie sote kapu moja. Tunajitolea, mipira tunanunua wenyewe.

Ummu Watatu, Jang'ombe
Kujitolea kwako nakushukuru. Mtoto aliyepigwa kichwa atoke, siku hiyo asirudi. Hilo halitaki pesa.

Kocha wa Mtaa
Hapo sina neno. Nami naongeza: tizameni magoli ya chuma yasiyofungwa chini. Likimwangukia mtoto, linaua.

Baba Swaumu
Marekani chama chao cha mpira tangu 2015 kiliwakataza watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa. Sisi tunawapigia makofi.

Mama Judo
Mpeleke judo. Wangu mwanzo alifundishwa kuanguka tu. Juzi kateleza kwenye muembe, kajikunja vilevile, hana hata mchubuko.

Mzee wa Wete
Bega la mjukuu wangu lilitoka kwenye judo hiyo hiyo.

Mtoto wa Gombani
Basi ngumi, si marufuku yake hapa Zanzibar iliondolewa 2022?

Muuguzi
Mchezo ambao kichwa ndicho shabaha? Kwa mtoto wa miaka 10? Hasha.

Mama Wawili, Mpendae
Ummu Watatu, nakuuliza kwa mapenzi: bado anacheza?

Ummu Watatu, Jang'ombe
Anacheza. Kwa kocha mwengine, niliyemuuliza mwanzo atafanya nini mtoto akipigwa kichwa. Na mimi sikai tena pembeni, nakaa nyuma ya goli.