Spidomita ya kempa ya Uingereza haisomeki, nyie mnaishije nayo?

MzeeWaKempa:
Wakuu habari za jioni. Naomba uzoefu wa wenye kempa au gari yoyote iliyotoka Uingereza. Nina Fiat Ducato, ile gari-nyumba yenye kitanda juu ya dereva na jiko nyuma. Injini haina neno, usukani uko kulia kama kwetu, shida ni spidomita. Namba kubwa za nje zote ni maili, kilomita wamezibana kwenye duara la ndani kwa maandishi kama ya kwenye kichupa cha dawa, tena kijivu juu ya nyeusi. Mchana jua likipiga kile kioo kikubwa cha mbele plastiki ya dashibodi inang'aa mpaka mshale siuoni, usiku nako taa zake zimefifia. Alafu nikikaa vizuri ukingo wa juu wa usukani unafunika palepale pa 40 mpaka 80 ambapo ndo napahitaji.

Mnaijua Morogoro Road, kila ukikanyaga mafuta kidogo kibao cha 50 hiki hapa, Mlandizi, Chalinze, na tochi ya trafiki ya kupima spidi hujui imejificha mti gani. Siwezi kuwa napiga hesabu ya maili mara 1.6 huku lori linanipumulia kisogoni. Mama watoto akikaa kushoto ndo ananisomea, ila yeye anasema 70 mimi naona 60, tunaanza kubishana humohumo ndani ya gari. Mwezi ujao nampeleka bi mkubwa Lushoto, nifanyeje?

KijanaTabata:
Mkuu usijitese, ng'oa hiyo tafuta dashibodi ya kilomita funga, maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, hawakosi. Kazi ya nusu siku.

FundiWaya_Ilala:
@KijanaTabata hapana kaka, hiyo sio Corolla. Kwanza Ducato sio gari ya kukuta vipuri vyake kila duka, pili Fiat za kuanzia 2006 hivi dashibodi inaongea na kompyuta ya gari, ukipachika ya gari nyingine inabidi mtu mwenye mashine ya kuisomesha upya, na milage itakuja ile ya gari ya watu. Siku ya kuuza utaeleza nini?

Mzee fanya vitu vidogo kwanza. Chini ya usukani angalia kama kuna wenzo wa kuushusha au kuusogeza, kama hauna basi inua kiti, au shusha, mpaka ukingo wa usukani utoke njiani. Watu wengi wanakaa walivyomkuta muuzaji alivyokaa. Pili ile swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi, inawezekana mwenye gari wa kwanza aliishusha akaiacha hivyohivyo, cheza nayo taa zikiwa zimewaka kabla hujamlipa fundi. Kama bado giza ndo tunafungua tuone kama ni za balbu tubadilishe. Plastiki ikiwa na mikwaruzo isugue taratibu kwa kompaundi laini ya plastiki na kitambaa safi, USIPAKE thina wala petroli, itapata ukungu na hapo hata hizo maili hutaziona. Kwa jua tandika kapeti jeusi lisilong'aa juu ya dashibodi, na acha kabisa ile silikoni wanayopaka waosha magari, ndo inaongeza mng'ao.

Na shemeji hakosei kwa makusudi. Mshale uko mbele ya namba, haujagusana nazo, anayeangalia kutoka kushoto anauona umesogea kulia, kwa hiyo lazima asome juu zaidi yako. Spidi inasomwa na aliyekaa nyuma ya usukani tu.

Mzururaji_TZ:
Mi nna ya Uingereza pia, miaka sasa. Siri ni moja, kilomita ZISAHAU. Angalia namba kubwa za maili tu, na unahitaji mbili basi. Maili 30 ni kilomita 48, maili 50 ni kilomita 80. Kwenye kibao cha 50 mshale usivuke 30 kubwa. Kwenye 80 usivuke 50 kubwa. Hesabu ya nini? Unaweza kubandika kipande chembamba cha stika nyekundu kwenye plastiki, ila bandika ukiwa umekaa kwenye kiti ulivyozoea, ukibandika umeinama itakuwa imehama (ni ileile habari ya fundi hapo juu).

Na wala usiogope kwamba mshale unakudanganya ukapigwa tochi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa ambayo magari ya Ulaya yanaifuata inakataza spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, kuzidisha ndo ruksa, asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Yaani ukiwa 80 ya kweli mshale unaweza kukuonyesha mpaka 92, ndo maana ukilinganisha na simu unakuta simu iko chini. Isipokuwa kama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, hapo inageuka, unakimbia zaidi ya unachosoma, na kempa nyingi zinainuliwa matairi zikifika huku kwa ajili ya barabara zetu. Linganisha saizi na ile ya kwenye kibati cha mlangoni.

Hiyo 80 yenyewe kisheria ni ya mabasi na magari ya zaidi ya kilo 3,500. Kempa nyingi za kule zimeandikishwa 3,500 kamili, soma kibati ujue uko wapi, ila kwa kempa iliyojaa maji na mitungi mi sioni wa kumkimbiza.

DadaKgb:
Samahani kaka una miaka mingapi? Siulizi kwa ubaya 😂 Mume wangu alilalamikia dashibodi mpaka tulipompeleka macho pale hospitali ya CCBRT, kumbe ni ya umri, ukivuka 40 macho ya karibu yanaanza kugoma. Na miwani ya kusomea gazeti haikusaidii maana ile imepimwa kwa karibu, dashibodi iko mbali kidogo na gazeti lakini sio mbali kama barabara. Mwambie mpimaji kabisa kwamba unataka kuona dashibodi, nenda umepima kwa rula kutoka jichoni. Kingine, kama unavaa zile miwani za jua za kukata mng'ao, za polaroidi, vua ujaribu. Hizo zinaweza kufanya kioo cha kidijitali kiwe cheusi tii.

KijanaTabata:
Basi weka simu, programu za spidi za bure zipo kibao, inasoma kilomita kwa namba kubwa kabisa na haili bando maana ni satelaiti.

Mzururaji_TZ:
Simu sawa ila ina mambo mawili, inachelewa kidogo ukikanyaga breki ghafla, na ukiining'iniza kwenye kioo kwa jua la Dar inapata moto inajizima. Iweke mbele ya tundu la AC. Kuna na vile vidude vya kurusha namba kwenye kioo cha mbele, vinachomekwa kwenye soketi ya mashine ya kupimia gari, usiku ni vizuri sana, saa saba mchana havionekani vizuri na ukivaa hiyo polaroidi ya dada ndo kabisa.

Ila ngoja, Ducato yako ya mwaka gani? Kama ni ya 2006 kuja juu ina batani ya MODE kwenye dashibodi. Ingia kwenye menyu, anza na sehemu ya vipimo, badili maili kuwa kilomita, kisha tafuta Speed Beep (alamu ya spidi), weka 50, ukivuka gari inalia. Usipobadili vipimo kwanza hiyo 50 itakuwa ya maili, yaani kilomita 80. Namba za mduara hazitabadilika ila kile kioo kidogo cha kidijitali kitahesabu safari kwa kilomita.

MzeeWaKempa:
Aisee. Ni ya 2009. Nimetoka nje na tochi sasa hivi nimeikuta! Nimeweka 50 ya kilomita. Usukani wangu hauna wenzo, nimeinua kiti, ukingo umetoka kwenye namba ila sasa kichwa kinakaribia kitanda cha juu. Swichi ya mwanga kweli ilikuwa chini kabisa. Macho nitapima dada, nna 53.

Swali dogo, alamu moja tu, nikitoka mjini kwenye 80 si itakuwa inalia njia nzima?

Mzururaji_TZ:
Inalia ukivuka, haipigi kelele njia nzima, na ukishachoka izime kwenye menyu hiyohiyo ukiwa umesimama. Mi naiacha 50 muda wote. Barabara wazi natumia ile 50 kubwa ya maili kwa macho, vijijini natumia masikio.

FundiWaya_Ilala:
Kwa Lushoto ukishatoka Mombo kupanda mlima spidomita iache, angalia joto la injini na ushuke kwa gia ndogo. Na kama kioo kidogo bado kinahesabu milage kwa maili kumbuka kwenye sevisi, kilomita 5,000 ni maili 3,100 tu, nimewahi kupokea gari imepitiliza oili kwa sababu hiyo.